Picha Iliyokomea Kwenye Paji la Uso

Kwa mara ya tatu Mzee Leonidasi Hatungimana aliweka bando kwenye simu yake ili amwone mdogo wake, na kwa mara ya tatu picha ilishuka taratibu, ikaonyesha nywele, ikaonyesha paji la uso, ikagoma.

"Subiri kidogo, mzee," Firdausi alimwambia. Alikuwa amesimama naye kwenye kibanda cha maharage cha mzee, sokoni Kibondo.

"Nasubiri tangu mwaka sabini na mbili. Kidogo yako ni ya namna gani, mwana wanje, mwanangu?"

Firdausi alikuwa binti wa mwenye duka la steshenari mjini Kasulu, na mwaka huo aliajiriwa na mradi uliokuwa na tovuti ya kuwatafuta ndugu waliopotezana wakati wa vita vya Burundi. Yeye alipita vijijini na makambini akikusanya picha za zamani, akiziskani na kuzipeleka kwenye tovuti. Tovuti yenyewe aliitengeneza Bwana Saady, mkubwa wake aliyekaa Dar es Salaam. Na kila watu walipolalamika kwamba haifunguki, Firdausi aliwajibu kama alivyofundishwa na Saady: tatizo ni mtandao wa huku kwetu, tatizo ni simu zenu za bei rahisi.

Sasa alimtazama mzee akizima simu na kuifunga ndani ya leso kama mtu anayefunga dawa, na maneno yale yakamchoma. Miezi saba nzima alikuwa akiwatupia wazee lawama isiyo yao!

Kesho yake asubuhi, dukani Kasulu, alipima uzito wa ile picha. Megabaiti kumi na moja, sura moja tu! Akampigia Saady.

"Tuzibane hizi picha ziwe nyepesi, bosi. Zinakula bando la watu na hazifunguki."

"Firdausi, ubora. Hizi ni sura za watu. Ukizibana zinaharibika. Wafadhili watataka kuziona kwenye skrini kubwa."

"Na ndugu zao watazionea wapi?"

"Usiguse kitu."

Simu ikakatika. Firdausi akaiweka mezani. Wenye picha ni watu wa huku, wanaozitafuta wako huku, lakini zimeandaliwa kwa ajili ya wageni ambao hawajapoteza hata binamu!

Akagusa. Kwanza alinakili picha zote mia nne na kumi na mbili, zilivyo, kwenye diski mbili, moja akamkabidhi baba yake. Kisha akajaribu picha moja, ya mwanamke mwenye kidoa cheusi kando ya mdomo. Aliibana mno. Ikawa nyepesi kama unyoya, lakini kile kidoa kikageuka uchafu, na shavu likawa vipande vipande kama ukuta uliobanduka rangi. Hapo alikiri kwamba Saady hakukosea kila kitu. Mtu anaweza kumtambua mama yake kwa kidoa tu.

Akaifuta, akaanza upya, akakaa na picha ile ile mpaka chai yake ikapoa. Ndipo alipoona kosa lilipo. Picha ilikuwa na upana wa pikseli elfu sita, wakati simu ya Mzee Leonidasi haikuweza kuonyesha hata elfu moja. Upana wote ule ulisafirishwa bure kutoka Dar mpaka Kibondo. Akaupunguza hadi elfu moja na mia mbili, akaibana kwa kiasi, akaikuza sura na kuikagua. Kidoa kipo. Mshono wa kola upo. Uzito, kilobaiti mia moja na hamsini.

Akaiagiza programu izifanyie zote vivyo hivyo kwa mkupuo mmoja. Alipomaliza kuwatolea wateja wawili kopi za vyeti vya kuzaliwa, kazi ilikuwa imekwisha. Dakika kumi na nane! Miezi saba ya watu kukodolea macho mapaji ya nyuso, kumbe dawa yake ni dakika kumi na nane. Hilo ndilo lililomkera kuliko yote.

Picha mpya zilipokwisha kupanda kwenye tovuti, Saady alipiga.

"Nani kakuruhusu? Umeharibu kumbukumbu za watu! Rudisha zile za mwanzo."

"Za mwanzo zipo salama. Lakini nionyeshe iliyoharibika. Moja tu, nitajie namba."

Alimsikia akibofya, akibofya tena.

"Mia mbili na nane. Ina ukungu."

"Hiyo ilikuja na ukungu wake. Mwenyewe aliificha ndani ya Biblia, ikalowa walipokuwa wanavuka Mto Malagarasi. Tafuta nyingine."

Saady hakutafuta nyingine. Alikata simu.

Jumamosi Firdausi alipanda gari kwenda Kibondo. Safari hii picha ilifunguka kabla mzee hajamaliza kuvaa miwani. Sura nzima, shingo, hata vifungo vya shati. Mzee akaisogeza karibu, akaikuza kwa vidole kama alivyoelekezwa.

"Si we," akasema kwa Kirundi. Kisha kwa Kiswahili, polepole, "Si yeye. Mdogo wangu aling'atwa na mbwa sikio la kushoto. Huyu masikio yake mazima."

"Pole, mzee."

"Pole ya nini? Ningekufa nikiliita paji la uso la mtu baki ndugu yangu." Akafuta miwani. "Wengine wako wapi?"

Firdausi akamwonyesha pa kugusa. Mzee akaketi juu ya gunia, akaanza kuwapitia mmoja mmoja, wateja wa maharage wakimsubiri.

Wakati huo huo simu ya Firdausi ikalia kengele ya barua pepe. Saady alikuwa amewaandikia wafadhili, nakala kwake: "Baada ya utafiti wa kina, ofisi yangu imeongeza kasi ya tovuti." Alisoma mara mbili, akaandika jibu kwa wote waliokuwa kwenye barua ile.

"Wazee wa Kibondo na Kasulu waliambiwa kwamba simu zao ni mbovu. Hazikuwa mbovu. Naomba ofisi yako ije iwaombe radhi hapa sokoni."

Akaituma. Kisha akachukua kipimo, akaanza kuwapimia wateja maharage, kwa kuwa mzee alikuwa amefika picha ya thelathini na saba na hakutaka kusumbuliwa.