Samadi Isiyonuka

Zabron alikuja asubuhi na mkokoteni wa ng'ombe, na hodi hakupiga. Alikuwa shemeji yake Tekla, mdogo wa marehemu, na tangu matanga yaanuliwe roho yake ilikuwa kule bondeni, kwenye kinyungu cha kaka yake, bustani inayokaa na unyevu kiangazi chote. Wazee wa ukoo walikigawa katikati: nusu kwa mjane, nusu kwake. Ambaye kabichi zake zingeshindwa kiangazi hiki angemwachia mwenzake kinyungu chote.

"Samadi hii ya ng'ombe wa kaka," alisema. "Naibeba."

"Ng'ombe nawalisha mimi, shemeji. Toka."

Kofi lilimshukia kabla hajafunga mdomo. Tekla alionja damu, akaokota uma wa kugeuzia samadi, akamchoma nao pajani. Zabron alinguruma, akamnyang'anya, akamtandika mpini wa mgongo mara tatu, kisha akamkanyaga mkono mpaka kidole kikavunjika. Jamani, mtu mzima anamuua mjane wa kaka yake kwa ajili ya kinyesi!

Malundo yalikuwa mawili. Moja lilikuwa bichi, linafuka mvuke na kunuka hadi barabarani. La pili Tekla alilifunika nyasi mwaka mzima, akiligeuza kila mwezi na kuchomeka kijiti kupima joto. Sasa kijiti kilitoka cha baridi, na samadi ilikuwa nyeusi, laini, haina harufu. Zabron, aliyezoea mbolea ya dukani, alilipiga teke.

"Huu udongo tu. Baki nao."

Maumivu yalimtia Tekla kizunguzungu, lakini hakumwonya. Alimtazama akipakia ile bichi na kwenda nayo bondeni, safari sita, akichechemea, na moyoni alifurahi furaha mbaya.

Baada ya wiki tatu miche ya Zabron ilikuwa imeungua mizizi na kulala chini, ya manjano. Ya Tekla ilikuwa imeshika ardhi, majani mapana. Zabron aliteremka bondeni na panga.

"Umeniloga, mchawi wewe!"

Alifyeka mstari wa kwanza, akafyeka wa pili. Tekla alimrukia. Panga lilimpasua bega, naye akamtwanga goti kwa mpini wa jembe, akamwangusha mferejini, akamkalia kifuani na kumshindilia konzi ya udongo mweusi mdomoni.

"Onja! Ndiyo hii uliyoipiga teke!"

Mayowe yalimleta mzee Kalinga, mkubwa wa ukoo. Alitazama miche iliyoungua, akatazama kabichi zilizofyekwa, akaliokota panga.

"Zabron, usikanyage tena hapa. Kinyungu ni cha huyu mama."

Zabron aliondoka akitema matope. Damu ilimtiririka Tekla hadi kiwikoni, na alikuwa analia, hakuona aibu. Alivuka upande wa pili, akachomeka kijiti kwenye ardhi ya shemeji yake, akakichomoa. Bado kilikuwa cha moto. Kiangazi kijacho samadi hiyo itakuwa imeiva, safari zote sita, na kuibeba ameshabebewa.