Uduvi wa Mheshimiwa

Jirani yetu wa ng'ambo ya ukuta anadai alimwona kaka yangu dirishani, jioni, akimlisha samaki. Wakati huo kaka alikuwa ameshazikwa. Anasema alikuwa anaanua nguo zake, akageuza shingo, akaona lile shati jekundu la mirabaraba, mgongo ule ule ulioinama juu ya tangi la kioo, na mrija mdomoni. Akaziacha nguo kwenye kamba, akaingia ndani na kutia komeo.

Huyu jirani tunamwita Mama Pazia, kwa sababu pazia lake halitulii. Siku ya kwanza alisema ameona mgongo tu. Kesho yake mgongo uligeuka. Kufikia mwisho wa wiki kaka alikuwa amempungia mkono na kumuuliza habari za mguu wake unaomsumbua.

"Nikamwambia mguu unaendelea vizuri," alinisimulia tukiwa bombani. "Ningefanyaje, mwanangu? Mtu akikujulia hali, unajibu."

"Na sauti yake uliisikia?"

"Kama ninavyokusikia wewe. Tena alikuwa amenenepa kidogo."

Ningecheka. Lakini alikuwa ameshamwambia Mama.

Kaka alikuwa fundi simu. Mteja wake mmoja alipohama mji alimwachia tangi dogo la samaki wa maji ya chumvi, ukubwa wake kama boksi la mikate, pamoja na pampu yake na samaki wawili wenye mistari ambao wanakula chochote utakachowatupia. Kaka akaliweka kwenye meza ya dirishani, mahali Baba alipozoea kuweka redio. Ugomvi wao ulianzia hapo, kwenye redio, ingawa baadaye ulitembea mbali.

Baba ni fundi viatu. Kwake kitu kinapimwa kwa kazi yake. Soli inakanyagwa, kamba inafungwa, samaki analiwa. Aliposikia kwamba maji ya tangi yanachanganywa na chumvi maalum inayouzwa dukani, aliguna. Alipofungua friji akakuta pakiti ya uduvi walioganda karibu na nyama yetu, na akaambiwa ni chakula cha samaki, alikaa chini.

"Siku hizi kitoweo kinaletewa kitoweo," alisema.

Baada ya hapo hawakusemeshana tena ila kupitia kwangu. Wote wawili wamekaa sebuleni, magoti karibu yanagusana, na mimi katikati nakunja nguo.

"Mwambie kaka yako pampu yake inanipigia kelele."

"Mwambie Baba redio yake ilikuwa inapiga kelele zaidi."

"Mwambie redio ilikuwa inasema kitu."

Mama alikuwa akipita na vikombe anasema, "Huyu mtoto mtamtoa ulimi kwa kumtuma." Nao walikuwa wanacheka, kila mmoja akitazama upande wake.

Samaki mpya alikuja wakati ugomvi umeshazoeleka. Kaka alimleta ndani ya mfuko wa nailoni, ameuweka kifuani chini ya lile shati la mirabaraba ili maji yasipoe. Alikuwa wa njano, mdogo kama kidole gumba, mdomo umechongoka kama kibano. Alipotiwa tangini aliingia nyuma ya jiwe, akabaki huko. Wale wenye mistari walikula chao na cha kwake. Ukimrushia vipande vikavu, hata hatazami. Ukimpa uduvi, anachukua mmoja, anamtafuna kidogo, anamtema.

"Amesusa huyo," alisema Mama. "Mbembeleze."

"Anasubiri aandaliwe, akiandaliwa anakataa," alisema kaka. "Huyu ni Mheshimiwa."

Jina likamganda. Kaka alijaribu hiki na kile, mwisho akaja na mrija wa soda. Alikuwa anayeyusha uduvi kwenye kisosi, anawasuuza, anawavuta kwenye mrija pamoja na maji, kisha anatumbukiza ncha ya mrija karibu na jiwe na kupuliza kidogo sana, kama mtu anayetaka kumtoa mtoto vumbi jichoni. Uduvi wakitoka hivyo wanarukaruka, wanaonekana hai. Mheshimiwa alitoa kichwa. Akatazama. Akachukua, na safari hii akameza. Kaka naye kwa furaha akavuta pumzi, akameza waliobaki kwenye mrija pamoja na maji ya chumvi, akakohoa mpaka machozi.

"Umekula chakula cha mgeni," Mama alimwambia.

Baba alikuwa mlangoni. Nilimwona akicheka, na nilimwona akijizuia.

Haikupita muda kaka akashikwa na homa. Asubuhi aliyokwenda hospitali alipanda gari mwenyewe, akafungua kioo, akaniambia nisisahau kuyeyusha uduvi. Ndiyo maneno niliyobaki nayo. Hakurudi kwa miguu yake.

Watu walipoondoka msibani, nyumba ilibaki na sauti ya pampu. Mama alilala akielekea ukutani. Ukimpelekea chai anakwambia weka hapo, na hapo inapoa. Neno alilouliza lilikuwa moja tu: "Amekula?"

Nilikuwa nafanya kama nilivyomwona kaka akifanya. Nilivuta uduvi kwenye mrija, nikapuliza taratibu, sikukosea hata kidogo. Mheshimiwa alikuwa akiniona nakaribia anarudi nyuma ya jiwe. Wale wawili wanakula, mabaki nayanyonya kwa mrija na kuyatoa ili maji yasioze, narudi chumbani.

"Amekula?"

"Amechukua kidogo, Mama."

"Kuchukua siyo kula."

Alijua. Samaki alikuwa amebonyea tumbo, ukimtazama kwa juu ni kichwa na mkia tu. Siku moja Mama aliniambia, bado ameelekea ukutani, "Huyo ndiye wa mwisho aliyeletwa na mkono wake. Akifa, nitakuwa nimerudi makaburini. Na sina nguvu za kurudi."

Basi nikawa namwangalia samaki kama mtu anavyomwangalia mgonjwa, na Mama namwangalia vile vile.

Kulikuwa na jambo jingine lililokoma nyumbani. Maisha yote Mama alimwita Baba kwa jina la kaka, baba wa fulani, kama wanawake wengi wanavyowaita waume zao kwa mtoto wa kwanza. Tangu mazishi lile jina halikutoka tena. Alikuwa anasema "wewe", au ananituma mimi. Baba naye hakuwahi kuitwa kwa jingine na mke wake, kwa hiyo akawa mtu asiyeitwa. Alitoka asubuhi na sanduku lake la zana, akarudi jioni, akakaa kibarazani mpaka giza liingie.

Kisha tumbo la Mheshimiwa likaanza kujaa.

Mimi ndiye niliyeliona kwanza. Nilidhani macho yananidanganya. Kwangu bado alikuwa anajificha, lakini ubavu ulikuwa umevimba vizuri, rangi imerudi, na kule jikoni nikakuta mrija umesuuzwa na kuegemezwa kwenye glasi. Sikuwa nimeutumia. Nilikuwa bado natafakari hilo wakati Mama Pazia alipoingia na habari zake za dirishani.

Niliogopa Mama atapiga kelele. Alikaa kitandani, akamuuliza shati gani. Akaambiwa. Akauliza kama mrija ulikuwa mdomoni upande wa kushoto. Mama Pazia akasema kushoto, kushoto kabisa. Mama akateremsha miguu chini.

Siku ile alioga. Alikuja mezani, akanywa chai, akamega mkate na kuutafuna mpaka ukaisha. Kisha akatoa amri. Jua likianza kushuka, mtu asikae sebuleni. Yeye mwenyewe angefunga mlango wa chumbani.

"Anakuja kumlisha mwenyewe," aliniambia. "Msimshtue."

Mimi nafanya kazi kwa dobi. Kazi yenyewe ni kukaa kimya na kutazama nguo: doa limetoka wapi, kola imechakaa upande gani, nani amelia kwenye leso. Shati la kaka lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa sebuleni, na Mama alikataza lisifuliwe. Kila asubuhi alikuwa anaingiza uso ndani yake kabla ya kusema na mtu. Nami nikipita nilikuwa nalitazama kwa mazoea ya kazi. Nikaona viwiko vina mkunjo mpya. Shati lililotundikwa halikunji viwiko.

Nikaomba ruhusa kazini, nikarudi mapema, nikaingia kwa mlango wa jikoni.

Alikuwa Baba. Shati lilimbana mabegani, vifungo havikufika tumboni. Alikuwa ameinama juu ya tangi, mrija upande wa kushoto wa mdomo, mashavu yakijaa na kunywea polepole. Na Mheshimiwa alikuwa nje ya jiwe, mbele ya kioo kabisa, anakula mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyealikwa.

Baba alipomaliza alifuta mdomo, akaniona. Hakushtuka.

"Kwako hataki kula kwa sababu wewe unabadilisha nguo," alisema kwa sauti ya chini. "Mbwa wanaokuja na wateja pale kazini hawajui uso. Wanakijua kiatu. Bwana wake akivua kiatu nikakishika mimi, mbwa anakuja kukaa kwangu. Nikasema labda na huyu anajua shati."

"Kwa nini hukusema, Baba?"

Alianza kulivua. Mkono mmoja ulikwama, nikamsaidia.

"Lile neno la siku ile," alisema. "Nilikutuma umuulize samaki wa kutazama ana faida gani. Ulimfikishia?"

"Nilimfikishia."

"Hukuniletea jibu."

"Mlikuwa mmeshaanza kugombania kiti."

"Alisema nini?"

"Alicheka. Alisema, mwambie Baba faida yake ni kwamba naye anatutazama."

Baba alilitundika shati msumarini, akalinyoosha kola, akainyoosha tena ingawa ilikuwa imenyooka. Halafu akasema, "Usimwambie mama yako. Amekula mkate."

Sikusema. Mheshimiwa alizidi kujaa, Mama alizidi kutoka chumbani, akafika hata kibarazani. Mama Pazia naye hakukaa bure. Alisema sasa kaka anakuja na redio. Kila jioni Mama alifunga mlango wake na kulala chali, macho wazi, akisikiliza. Nilikuwa najua, maana siku nilizowahi kutoka kazini nilikuwa nalala pembeni yake nikimshika mkono, na kila tuliposikia kisosi kikigonga meza mkono wake ulinibana.

Lakini mtu akivaa nguo, nguo inachukua jasho lake. Hilo dobi yeyote anajua, nami nilikaa nalo rohoni bila kujua pa kulipeleka.

Asubuhi moja Mama aliingiza uso ndani ya shati kama kawaida, akakawia. Akautoa. Akaurudisha, safari hii kwapani, kisha kwenye kola. Akaniita.

"Wewe ndiye mfua nguo. Hii harufu ya nani?"

Nilinusa. Jasho la kaka lilikuwa limebaki mbali, kama sauti ya mtu aliyeingia chumba cha pili. Juu yake ilikuwa imelala gundi ya viatu. Nilibaki nimelishika lile shati. Sikuweza kusema uongo, na nilikuwa nimeagizwa nisiseme kweli.

Mama alinitazama usoni. Hakulia. Alilichukua shati mikononi mwangu, akalitundika, akaenda jikoni, akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Nilikwenda kazini nikijua nikirudi nitamkuta ameelekea ukutani. Nilipasi kola moja mpaka mwenye duka akaniuliza kama nataka kuila.

Niliporudi, jua lilikuwa limeshuka kiasi cha kugusa meza ya dirishani, na Mama hakuwa chumbani. Alikuwa amekaa sebuleni kwenye kiti cha Baba. Mbele yake kulikuwa na kisosi. Uduvi walikuwa wameshayeyushwa na kusuuzwa vizuri, na mrija umelazwa pembeni. Shati lilikuwa mapajani mwake. Tangini, Mheshimiwa alikuwa ametoa nusu ya mwili nyuma ya jiwe, mdomo wake wa kibano ukielekea kwenye ule wekundu.

Baba aliingia. Alisimama mlangoni na sanduku la zana mkononi, akatazama kisosi, akatazama mapaja ya Mama, akanitazama mimi. Nilitikisa kichwa kumwonyesha kwamba sikusema. Sijui kama alinielewa.

Mama akamwita. Alimwita kwa lile jina, baba wa fulani, lote, bila kulikata, na sebule nzima ikalisikia. Baba aliitikia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo, kama ya mtu aliyeamshwa.

Mama akanyanyua shati kwa mikono miwili, kama anavyoshikiwa mtoto nguo ili apenyeze mkono.

"Vaa," alisema. "Simama pale pale dirishani, umlishe, nami nikae hapa. Unipe mgongo tu. Sitakwambia ugeuke."

Pampu ilikuwa inanguruma. Ng'ambo ya dirisha pazia la jirani lilicheza, likatulia. Uduvi mmoja kwenye kisosi alikuwa ameanza kukauka ncha. Baba alikuwa bado mlangoni, hajaweka sanduku chini, na mikono ya Mama ilikuwa bado imelishikilia lile shati juu.