Kabla ya Sauti ya Kwanza

Kiwandani walimwita Mzee Kimya, na yeye hakukasirika. Alilivaa jina hilo kama nishani. Kazi yake ilikuwa kukata santuri mama: upande huu kanda inazunguka, upande ule inazunguka sahani laini ya laka, na sindano ya moto inachora mfuo wa sauti kutoka ukingoni kwenda katikati. Wakataji wengine wangekuachia kikohozi cha mpiga ngoma, au kiti kinacholia. Yeye wapi. Hakushusha sindano mpaka muziki wenyewe uwe mlangoni. Wanamuziki walimsifu sana kwa hilo, ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kumwalika kwake.

Nyumbani nako hapakuwa na wa kumpigia kelele. Mkewe alifariki binti yao akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na binti mwenyewe alipokua akaolewa mbali. Mzee alikula amesimama jikoni, sufuria mkononi, maana kuandaa meza ya mtu mmoja kulimkata maini. Siku nyingine jioni ilimkuta hajatamka neno tangu asubuhi. Upweke ulikuwa umeshamzoea. Yeye ndiye alikuwa bado hajauzoea.

Kisha binti akapiga simu. Alikuwa amejifungua.

"Baba, ile kanda ya mama bado unayo? Sijui hata sauti yake ilikuwaje."

"Ninayo, mama. Kuna wimbo mmoja. Na kabla ya wimbo anaongea na wewe. Ulikuwa unalia pale studio, akakubembeleza."

"Anasemaje?"

"Subiri, utamsikia mwenyewe."

"Hicho ndicho ninachotaka, baba. Wimbo ni nyongeza tu."

Kanda ilikuwa imezeeka vibaya. Unga wake wa kahawia, ule unaobeba sauti, ulibanduka kwa kuguswa tu. Ingevumilia kupita mashineni mara moja, basi. Mwenye akili zake angeinakili kwanza kwenye kompyuta. Lakini mzee wetu alikuwa na kichwa kigumu, na kompyuta hakutaka hata kuiona chumbani mwake. Angekata moja kwa moja kutoka kanda hadi laka. Kisha laka ingekwenda kupuliziwa fedha, izamishwe kwenye dawa ya nikeli, na bamba litakalotokea ligandamize plastiki ya moto mpaka iwe santuri.

Asubuhi ya kazi alinyoa ndevu, kama mtu anayekwenda kuposa. Akaweka laka mpya, akapasha sindano, akawasha kanda, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kushushia sindano.

Mkewe akaongea. Sauti ilijaa chumba, ya karibu, yenye usingizi kidogo: "Nyamaza, kipenzi cha mama. Mama anaimba kidogo tu, halafu twende nyumbani." Mtoto akaguna. Mzee alitabasamu, machozi yakimlengalenga, na kidole chake kikangoja kama kilivyongoja miaka yote ya kazi. Mkewe alipovuta pumzi ya kuimba, kidole kikabonyeza, sawasawa kabisa.

Wimbo ulikuwa katikati ya ubeti wa pili mzee alipoelewa alichofanya. Akageukia kanda. Sehemu iliyokwisha kupita ilikuwa utepe mtupu unaopitisha mwanga, na unga wote umerundikana mashineni. Hakuwa na la kufanya ila kuacha wimbo uishe.

Hakumwambia binti yake. Alijipa moyo kwamba wimbo utatosha, na santuri ilipotoka kiwandani akamtumia.

"Baba, anaimba vizuri sana," binti alisema kwenye simu. "Lakini mbona haongei? Nimegeuza hadi upande wa pili."

"Nimemkata mimi. Kwa mazoea, mwanangu. Nilingoja muziki uanze. Na kanda imekwisha, haitapigwa tena."

Binti hakugomba, na hilo lilimuumiza zaidi. Mzee alisikia mjukuu akihema karibu na simu.

"Wewe ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Basi niambie. Sema kama alivyosema yeye."

Mzee alikohoa, akajikaza, akalainisha koo lake kadiri alivyoweza. "Nyamaza, kipenzi cha mama," alisema, taratibu. "Mama anaimba kidogo tu, halafu twende nyumbani." Hakuacha hata neno moja.



"Asante, baba," binti alisema. "Lakini hiyo ni sauti yako."