Salamu za Fundi Justa

Usijifanye hukumwona. Ulipita pale Kirumba kila asubuhi na koti lako la mtumba lenye jina la chuo usichokijua, na ukifika kibarazani kwa Justa shingo inageukia ziwani, kana kwamba kuna mtu amekuita kutoka majini. Justa aliiona hiyo shingo.

Kiwanda cha nguo kilipofungwa, wakubwa walituambia soko huria litamletea kila mtu riziki yake. Kilichomfikia Justa ni marobota ya mitumba. Kufikia mwaka wa tisini na tisa hakuna aliyetaka kupimwa tena, na cherehani yake ilishapata mnunuzi: Mzee Shigela wa Kisesa, muungwana, aliyesema atangoja hadi Krismasi asionekane anamnyang'anya mjane chombo chake.

Aliyemshika mkono ni Gladness, mwenzake wa kwaya ya parokia, aliyekuwa amepata kazi kwenye duka la intaneti mjini.

"Dada Justa, njoo tuandike tangazo. Deodatus yuko Uswidi, Leonsia yuko Dar, wote wana anwani za kompyuta."

"Deodatus yule wa besi? Aliyeondoka na kitabu changu cha nyimbo?"

"Huyo huyo."

Justa hakuwahi kuandika tangazo. Alichokijua ni kadi za salamu za redioni, basi akaketi, akakohoa, akaanza kutaja, Gladness akichapa:

"Mimi Justa, fundi cherehani wa Kirumba, nikiwa kibarazani bila mteja, namsalimu Deodatus wa besi, arudishe kitabu. Yeye amsalimu Leonsia, ambaye gauni lake la komunyo nililoshona lilivaliwa na wadogo zake wote. Leonsia amsalimu Venant, aliyechanika suruali kwenye kivuko cha Busisi nikamshonea akiwa amejifunga kanga yangu. Kila anayesalimiwa awasalimu wengine, aseme na nilimshonea nini. Ujumbe: nguo ya kupimwa haimsingizii mtu mwili."

Gladness alicheka hadi akashika meza. "Dada, hii siyo redio! Bei iko wapi?"

"Tuma hivyo hivyo. Mtu hauziwi kitu kabla hajasalimiwa."

Ikatumwa. Na wewe unajua kwetu: salamu ukiimeza, umemtukana aliyeituma. Deodatus aliomba radhi kwa kile kitabu, akazipeleka salamu kwa wanakwaya wote waliotawanyika. Leonsia akaongeza kwamba gauni lile bado lipo. Venant akaapa kanga ilikuwa yake mwenyewe, na hapo ndipo moto ulipowaka. Watu wasiomjua Justa wakaanza kuulizana: kanga ya nani? Na huyo fundi ni nani? Kila aliyeuliza alijibiwa na mtu anayemwamini.

Mwanzoni mwa Desemba, Prudencia, aliyekuwa anasoma Uingereza na salamu zikamfikia huko huko, alishuka kwenye meli iliyotoka Bukoba na shangazi zake wote. Kaka yake alikuwa anaoa.

"Shikamoo. Wewe ndiye fundi wa kanga?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiye."

"Venant anasema ilikuwa yake."

"Mwongo! Msogeze shangazi hapa nimpime."

Mzee Shigela alipokuja kuichungulia cherehani, alikuta kibaraza kimejaa vitambaa na vicheko vya Kihaya. Akasimama kidogo. Akavua kofia.

"Haya, imenipita. Nipime basi kaunda suti."

Justa alilia, utepe ukiwa shingoni. Alishukuru kwa majina: Gladness aliyechapa, Deodatus, Leonsia, hata Venant na uongo wake. Wote wangeweza kunyamaza, kama tulivyonyamaza wengine, na cherehani ingekwenda Kisesa. Mungu awape maisha.

Sasa wewe. Yupo fundi, mkunga wa jadi, au mpishi aliyekufaa, na leo amekaa bila mteja huku anwani za watu umezijaza kichwani. Mtaje. Sema jina lake, sema alikufanyia nini, mwambie anayekuamini. Inuka, chai utaikuta.