Kipande cha Mtoto wa Faradji

Saa nne asubuhi Amisa alisinzia wima, mikono juu ya mpini wa jembe, katikati ya mstari wa sita wa pamba. Mumewe, Faradji, alikuwa amechukuliwa kwenda kuchimba barabara ya Kabambare, na pamba ya lazima ya Wabelgiji haikujali kwamba mwenye shamba hayupo. Emile, moniteri aliyesimamia pamba kijijini, alimkuta hivyo.

"Mama Amisa, unalala mu pamba ya Serikali?"

"Unisamehe, moniteri. Ni huyu mutoto wa mu tumbo. Muchana iko analala, usiku muzima iko analima. Unipatie siku moja tu, nipumzike."

Jirani yake Waridi, aliyezaa saba na kulima shamba la pembeni, alithibitisha. Mimba yoyote hulala mama akifanya kazi na kuamka mama akijinyoosha kitandani. Nyingine hupiga mateke, hii ililima. Yeye mwenyewe aliisikia kutoka nyumba ya pili, na hakulalamika, maana ujirani ni kuvumiliana.

Emile akamwambia Amisa aketi. Alipokaa tu, mtoto akaamka. Emile akapiga magoti, akatega sikio, akasikia jembe likiingia udongoni, likitoka, kisha kimya kifupi cha mtu anayenyoosha kiuno.

"Analima muzuri kukupita," akasema. Akatoa kamba yake, akapima kipande kando ya shamba la Faradji na kusimika kigingi. Bwana agronomu, Mbelgiji mkubwa wa kilimo, alikuwa ameagiza: mikono yoyote inayoweza kulima ipewe pamba yake.

"Hana hata jina," alisema Amisa.

"Jina itakuja. Mvua haingojee jina."

Majuto ni mjukuu, husemwa. Ya Amisa yalimtangulia hata mtoto. Kila usiku, jembe lilipoanza, alishika tumbo akanong'ona, "Pumzika, mwanangu. Ni miye nilikusemea." Ilimuuma sana. Angenyamaza, angechapwa fimbo ya kusinzia, na maumivu ya fimbo hupoa. Mtoto hakumsikia, au alisikia akaogopa kuchelewa.

Alizaliwa alfajiri ya mvua, mvulana. Waridi alimwosha, akamfungua ngumi, akapitisha kidole gumba kwenye sugu za viganja, akazipaka mafuta ya mawese.

Siku ya saba mtoto akapewa jina, Assumani. Emile alifika na kuku wa pongezi, akala wali pamoja na wageni, kisha akaenda kuliandika jina kwenye kigingi. Aliporudi alisema kwamba kipande cha Assumani kimeota nyasi.

"Niko mu arobaini, moniteri," Amisa alijibu toka ndani. "Siwezi kutoka."

"Arobaini ni ya kwako, mama, tunaiheshimu. Lakini mutoto hakuzaa."

Amisa akamfunga mtoto mgongoni, akatoka nje siku thelathini na tatu kabla ya wakati, akashika jembe. Assumani alilala papo hapo, kama alivyozoea. Amisa alilima mstari mmoja, akamwomba msamaha, akaanza wa pili.