Unyende wa Ubeti wa Pili

Naanza na soksi, maana ndizo zilizonitia kichefuchefu kwanza. Gitaa la kaka yangu lina uwazi tumboni, na magitaa ya namna hiyo hupenda kulia ovyo. Sauti ikitoka kwenye spika hulitikisa tumbo, tumbo likazitikisa nyuzi, nyuzi zikairudisha sauti kwenye spika ikiwa kubwa zaidi, na mzunguko huo usipokatwa unapata unyende wa kupasua masikio. Dawa mojawapo ni kulijaza tumbo kitu laini. Watu wenye haya hujaza sponji. Kaka alijaza soksi zake, tena alizokwisha kuzivaa. Nilizivuta kwa koleo moja moja, zikafika tisa, zimekakamaa, na mende mmoja aliyekauka akaanguka mezani. Nilifungua madirisha yote mawili ya karakana na bado nikatoka nje kupumua.

Hata hivyo soksi ni uchafu wa miguu tu, sabuni inautoa. Gitaa lile nilikuwa nimelichukua kwa sababu ya uchafu mwingine.

Bendi yao ni watu wanne. Kaka anapiga gitaa na ndiye kiongozi, mkewe anaimba, halafu kuna majirani wawili, wa besi na wa ngoma, ambao kila kitu ni “ndiyo, kiongozi,” hata wakiulizwa saa ngapi. Mimi ndiye fundi wao wa sauti. Kwa miaka miwili unyende ulikuwa ukija mahali palepale: ubeti wa pili, shemeji anapopandisha sauti, pale ambapo watu huanza kusimama na kumshangilia.

“Maiki haimpendi mke wangu,” kaka alikuwa akisema. “Hajui kuishika, basi.”

Na mimi, fundi mzima, nikamwamini. Maiki nazo hulia, kwa hiyo sikujisumbua kufikiri zaidi. Nikamwambia shemeji arudi nyuma hatua moja. Nikamwambia asogeze mdomo. Nikamwambia aimbe kwa upole kidogo. Alifanya yote, na unyende ukaja vilevile.

Sasa meneja wa hoteli moja akawaita, Jumamosi saa nne asubuhi, wapige nyimbo tatu awasikie. Akiridhika, anatoa mkataba wa mwaka mzima. Kaka akatangaza mbele yetu sote kwamba unyende ukisikika siku hiyo, mkewe atabaki nyumbani na yeye atatafuta mwimbaji mwingine. Shemeji alikuwa ameacha kazi ya cherehani kwa ajili ya bendi ile. Nyimbo zote tatu alizitunga yeye.

Jumatano, kwenye mazoezi, nilichomoa waya wa maiki yake niufute kutu, nikapitiwa, sikuurudisha. Chumba ni kidogo, hakuna aliyegundua. Shemeji akaimba, akafika ubeti wa pili, na unyende ukatoka mpaka wa ngoma akaziba masikio.

“Umesikia?” kaka alinigeukia. “Maiki yake hiyo! Si nilishasema?”

Waya wa maiki ulikuwa mkononi mwangu.

Niliuchomeka kimyakimya, nikawaomba warudie. Safari hii sikumtazama shemeji. Nilitazama mikono ya kaka. Ubeti wa pili ulipokaribia, kidole chake kidogo kiliteleza hadi kwenye nobu ya volyumu, kile kitufe cha kuzungusha kwenye gitaa, kikaipandisha polepole, na mwili wake ukageuka hadi gitaa likatazamana na spika. Unyende. Kidole kikashusha, mwili ukarudi, na uso ukavaa huruma.

“Pole, mke wangu,” alisema. “Tutafanyaje sasa?”

Kikulacho ki nguoni mwako, tunajua. Sikujua kwamba kinaweza pia kukupa pole. Nilimtazama mtu niliyenyonya naye ziwa moja, nikaona kinyaa. Mtu mzima anaharibu wimbo wa mkewe kwa kidole, kwa sababu makofi hayamwendei yeye!

Ningesema palepale. Sikusema. Nilijiambia mkubwa hasutwi mbele za watu. Nikamwambia kaka gitaa linahitaji kusafishwa, nikaenda nalo karakana. Nilitoa zile soksi, nikajaza sponji safi, kisha nikazikata nyaya za ile nobu na kuziunganisha moja kwa moja. Tangu hapo ingezungushwa mpaka kidole kiote sugu na sauti isibadilike. Spika nayo ningeiweka mbali naye, ubavuni, na kuipunguza makali mwenyewe.

Jumamosi nilimkabidhi gitaa dakika za mwisho. Shemeji alianza. Ubeti wa pili ukaja, kidole kikateleza, kikazungusha, kikazungusha tena. Unyende haukuja. Kaka akageuka kuitafuta spika, hakuiona ilipozoea kuwa. Shemeji alipandisha sauti, ikapanda, na kwa mara ya kwanza nikausikia ubeti ule mpaka neno la mwisho. Wahudumu waliokuwa wanapanga viti walisimama. Kaka aliitazama nobu, kisha akanitazama mimi. Nikajifanya nakunja nyaya.

Meneja alikuja akipiga makofi. “Niliwahi kuwasikia kwenye harusi, kulikuwa na mlio mbaya sana. Mmeufanyaje?”

“Ah, nimemfundisha mke wangu,” kaka alisema, akimshika bega. “Sasa anajua kusimama na maiki.”

Shemeji hakumtazama. Alinitazama mimi, na akanisubiri. Nilikuwa na bisibisi mfukoni na ukweli mdomoni, na vyote viwili nilivibana. Meneja akaingia ofisini kuchukua karatasi, kaka akamfuata akicheka.

“Ile nobu umeikata lini?” shemeji aliniuliza.

“Alhamisi.”

“Kwa hiyo unajua.”

“Najua, shemeji. Ila nimekwisha kurekebisha, halitalia tena.”

“Umerekebisha gitaa.” Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. “Mimi nakijua kile kidole tangu mwaka juzi. Ningesema, nani angeniamini, wakati fundi mwenyewe ananiambia nirudi nyuma? Nikasema ngoja, iko siku fundi atasikia. Leo umesikia, ukanyamaza.”

Nilijichukia kuliko nilivyomchukia kaka.

Meneja alirudi na mkataba na kaka nyuma yake, amekwisha kunyoosha mkono kuipokea kalamu. Shemeji aliiwahi. Aliuliza kama nafasi ni ya bendi au ya mwimbaji, na meneja akasema aliyemsikia ni yeye, wengine wanaweza kubadilika. Akainama, akaandika jina lake peke yake.

“Mpiga gitaa nitatafuta,” alimwambia meneja. “Na fundi vilevile.”