Kesi ya Masizi na Binzari

Niliyoyaota usiku wa kuamkia leo yalianza na ufagio kukohoa.

Ulikuwa umeegemea ukuta wa jikoni kwetu, hapa Korogwe, mahali pake pa siku zote. Ukakohoa mara mbili, kama mtu anayetaka kuanza hotuba, ukasema, "Mwalimu Kaniki, nimechoka. Kila jioni mkeo ananitumia kuamulia ugomvi, na hakuna aliyewahi kuuliza kama kweli ni ugomvi."

Nikauambia hilo lilikuwa swali zuri.

Tuna paka wawili wadogo, ndugu wa tumbo moja, wenye miezi miwili na siku chache. Binzari ni jike wa manjano. Masizi ni dume, mweusi kama chini ya sufuria. Mama yao alikufa mapema, tukawalisha kwa bomba la sindano mpaka wakasimama. Tangu wapate nguvu miguuni, kila jioni wanarukiana, wanagaragazana, wanang'atana shingo. Mke wangu huwatenganisha kwa ufagio. Juzi akasema, "Hawa watauana, Baba Zaina. Tumtoe mmoja." Akampigia simu mdogo wake aliyeko Muheza. Leo asubuhi ndiyo angekuja na kikapu kumchukua Masizi.

Mimi sikusema kitu. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, nimeamua kesi nyingi za watoto waliochaniana mashati, lakini ya paka sikuijua.

"Twende," ufagio ukasema. "Treni inasubiri hukumu yako."

Nikafungua mlango wa jikoni, nikatokea stesheni.

Ni saa sita mchana. Hakuna abiria. Treni imesimama, ndefu, mlango mmoja tu uko wazi. Ndani naona benchi, na juu ya benchi kikapu kilichofunguliwa mfuniko. Uwanjani, mbele ya treni, Masizi na Binzari wameshikana.

Wanabiringika mara moja, wanakuwa wakubwa kama mbuzi. Wanabiringika tena, wanakuwa kama ng'ombe. Mara ya tatu paa la stesheni linawapisha, linasogea pembeni lenyewe bila kelele. Sasa mgongo wa Binzari uko sawa na milima ya Usambara nyuma yake, na siwezi kusema wapi paka anaishia na wapi mlima unaanzia. Mkia wa Masizi ukipita juu yetu, kivuli kinapita juu ya mji mzima, halafu jua linarudi.

Sikuogopa. Nilivua kofia tu. Sijui kwa nini, ilionekana ndiyo adabu.

"Ukisema wanapigana," ufagio ukanieleza, "mmoja anapanda. Akishapanda, hatamjua tena mwenzake. Ukisema wanacheza, treni inaondoka tupu. Husemi mara mbili."

"Nitajuaje?"

"Muulize Zamu."

Zamu alikuwa mtu mwembamba mwenye sare ya reli, amesimama katikati ya wale paka wawili wakubwa kama hayuko hatarini hata kidogo. Mkononi alikuwa na tiketi mbili. Moja iliandikwa JUU, nyingine CHINI.

"Shikamoo," nikamwambia, maana sikujua umri wake.

"Marahaba. Angalia mikono yangu, usiangalie meno yao."

Nikaangalia. Masizi alikuwa amemlalia Binzari, ana tiketi ya JUU. Kisha bila kulazimishwa na mtu akairudisha, akapokea ya CHINI, akajitupa chali. Binzari akapanda juu yake. Baada ya muda naye akairudisha. Zamu alikuwa anapokea na kutoa, anapokea na kutoa, kama karani mwenye kazi nyingi.

"Anayepigana kweli hairudishi tiketi," Zamu alisema. "Anakaa nayo mpaka mwenzake akimbie. Hapo mimi nakosa kazi, naenda nyumbani."

"Na kucha?"

Akanionyesha kwa kidevu. Pembeni kulikuwa na mkeka, na juu ya mkeka kucha zote zimepangwa vizuri, jozi kwa jozi, kama viatu mlangoni mwa msikiti. Nikazihesabu. Thelathini na sita. Kila mmoja alikuwa amevua zote kumi na nane kabla ya kuingia. Zilikuwa kubwa kama mapanga, na zilimeta juani. Nikapita kando yake taratibu nisije nikazipangua.

"Sasa sikiliza," ufagio ukasema.

Nikasikiliza. Viumbe wawili wakubwa kama wilaya wanaangushana, na hakuna sauti. Hakuna ukelele wala mngurumo. Wakianguka, ardhi inatikisika, lakini vinywani mwao kimya kama darasa la mtihani. Masikio yao yamesimama, yameelekea mbele. Nilijiona mdogo sana, na nikaona fahari kuwa mdogo pale.

Kisha Masizi akamshika Binzari shingoni kwa meno.

"Ingiza mkono," Zamu akaniambia.

Mimi mwenyewe, nikiwa macho, nisingeuingiza. Katika ndoto niliuingiza. Nilipanda juu ya taya la Masizi, nikapenyeza mkono kati ya jino lake na ngozi ya dada yake. Jino lilikuwa refu kunizidi. Lilikuwa limetua juu ya manyoya, likakaa hapo hapo kama mtu anavyoshika yai la moto, hakandamizi wala haachi. Nilihisi Binzari anapumua polepole. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Nikageuka niiambie treni. Lakini mlangoni mwa behewa alikuwa amesimama mdogo wangu, Hoza.

Alikuwa na umri wake wa sasa, miaka hamsini na nane, na kipara chake. Kati yetu mimi ndiye mkubwa, kwa miaka miwili. Utotoni tulikuwa tunaangushana kila siku, uani, mtoni, hata kitandani. Siku moja baba alisema maneno yale yale aliyoyasema mke wangu: hawa watauana. Hoza akiwa na miaka saba akapandishwa treni kwenda kwa baba mdogo Tabora. Amekulia huko, ameoa huko. Tunapigiana simu Idi kwa Idi, tunaulizana afya, tunaagana. Ni watu wawili wenye heshima.

"Kaka," Hoza akasema, "mimi swali langu ni moja. Ulikuwa unanipiga, au tulikuwa tunacheza?"

"Tulikuwa tunacheza."

"Ulimwambia baba?"

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

"Hakuniuliza. Na mimi nilinyamaza."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa risiti aliyoisubiri miaka mingi. Nilitaka kumwendea, lakini hapo ndipo nyuma yangu kukatokea sauti.

Ilikuwa ya Binzari. Ukelele mmoja mkali, na vioo vyote vya treni vikapasuka. Nikageuka. Masikio ya Masizi yamelala, yamegandamana na kichwa. Mkia wake umevimba kama brashi ya chupa. Anafoka kwa pumzi, fffff, na upepo wake unaangusha mabango. Mkeka uko mtupu. Zamu amekunja tiketi yake ya mwisho na anavaa koti.

"Unaenda wapi?" nikamwuliza.

"Nyumbani."

Ufagio ukajirusha hewani kwenda kupiga. Nikaudaka. Nikataka kuingia mwenyewe katikati, Hoza akanishika shati. "Kaka, mkono hapana! Wataukata bila kujua ni wako."

Basi tukaangalia huku na huku. Ukutani kulikuwa na sinia la bati, kubwa kama mlango wa ghala. Tukalishika wote wawili, yeye upande wake na mimi wangu, tukalibwaga sakafuni.

Mlio wake ulikwenda mpaka milimani ukarudi.

Paka wakaruka mbalimbali. Wakakaa. Masizi akaanza kulamba paja kana kwamba hakuna kilichotokea. Binzari akapiga mwayo.

"Mchezo ulichoka tu," Zamu alisema, akiwa amevua mkono mmoja wa koti. "Ukichoka hugeuka. Wape nafasi, uone nani anarudi."

Tukasubiri. Treni ikapiga honi. Mimi na Hoza bado tumesimama kando ya sinia.

Binzari ndiye aliyerudi. Alikuja mwenyewe, polepole, mlima unaotembea, akajilaza chali mbele ya kaka yake, tumbo juu, kubwa na jeupe kama wingu. Masizi akaweka kucha zake mkekani moja moja. Zamu akavua koti, akakunjua tiketi.

Nikaigeukia treni nikasema kwa sauti yangu ya darasani, "Wanacheza!"

Treni ikaondoka tupu. Hoza akabaki uwanjani, amesimama kando yangu.

Niliamka kumeshapambazuka. Mama Zaina alikuwa uani na ufagio ameshauinua, na chini yake Masizi na Binzari wamebiringishana.

"Subiri," nikamwambia. "Waangalie kwanza."

"Niangalie nini, damu?"

"Angalia nani yuko juu."

Akaangalia. Tukasimama pamoja hivyo mpaka Binzari akawa chini, kisha Masizi, kisha Binzari. Hakuna aliyelia. Mke wangu akashusha ufagio.

"Wanapokezana," akasema, kwa mshangao. Kisha, "Sasa huyu mdogo wangu yuko njiani na kikapu, nitamwambia nini?"

"Mwambie tumemwitia chai."

Simu yangu ikalia chumbani. Alikuwa Hoza. Si Idi, na sijawahi kumwambia kwamba tunafuga paka.

"Kaka, samahani kwa asubuhi hii," akasema. "Yule mweusi ametulia?"